Kitabu Kilichohesabiwa Hakina Thamani: Maktaba ya Kanisa Kuu la Exeter na Hatima ya Ushairi wa Kiingereza cha Kale

Historia ya fasihi huandikwa mara nyingi kana kwamba matini zimekuwapo siku zote mezani pa mhakiki, zikimngoja azifunue. Huulizwa nani alitunga, lini, kwa mtindo gani na kwa itikadi ipi. Ni nadra kuulizwa kitabu chenyewe kililala wapi kwa karne tano au sita, nani alikuwa na ufunguo wa chumba, na nani aliamua kwamba kisitupwe. Maswali haya huachiwa wakutubi. Makala haya yanashikilia kwamba zipo fasihi ambazo kwazo maswali hayo hutangulia mengine yote. Mfano unaotumiwa ni maktaba na hifadhi ya nyaraka ya Kanisa Kuu la Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambamo sehemu kubwa ya ushairi wa Kiingereza cha Kale ilinusurika kwa njia ambayo haimpi sifa mtu yeyote kikamilifu.

Yafaa kwanza kutaja jinsi ushairi huo ulivyo haba. Sehemu yake kubwa imo katika vitabu vinne tu vilivyoandikwa kwa mkono. Kimoja ndicho chenye utenzi wa Beowulf, kilichoungua kingo katika moto wa mwaka 1731 mjini London kikiwa katika mkusanyiko wa Cotton. Cha pili, kinachoitwa kwa jina la msomi Junius, kimo katika Maktaba ya Bodley, Oxford. Cha tatu kiko Vercelli, Italia, katika maktaba ya kanisa kuu la mji huo, na wataalamu hawakukitambua hadi Mjerumani Friedrich Blume alipokikuta mwaka 1822. Cha nne ni Kitabu cha Exeter. Hivyo viwili kati ya vinne vilitunzwa na makanisa makuu, na katika kile cha Vercelli ni vigumu kudhani kwamba palikuwa na mtu hata mmoja wa kukisoma.

Habari za Exeter zinaanza na Askofu Leofric. Mwaka 1050, katika utawala wa Mfalme Edward aitwaye Mwungamaji, Leofric alihamisha makao ya uaskofu kutoka mji mdogo wa Crediton hadi Exeter, mji wenye kuta. Alikuwa amepata elimu yake Lotharingia, ng'ambo ya bahari, na alijua kanisa la askofu linavyopaswa kuwa. Alichokikuta Exeter kilikuwa vitabu vichache vya ibada, tena vilivyochakaa. Hadi alipofariki mwaka 1072 alikuwa amelipatia kanisa lake ardhi, mavazi, vyombo na vitabu vinavyokadiriwa kuwa 66, hesabu isiyo ndogo kwa karne ya 11, ambapo kitabu kimoja kilidai ngozi za kundi zima la mifugo na miezi ya kazi ya mwandishi.

Mali hiyo iliandikiwa orodha kwa Kiingereza cha Kale, na orodha imehifadhiwa katika nakala mbili. Mwandishi wake hakuitunga kwa ajili ya wasomi wa fasihi. Alikuwa akiweka ushahidi wa umiliki, ili mtu asije akasema kesho kwamba shamba fulani au kikombe fulani si cha kanisa. Katikati ya orodha hiyo ya mali ndipo kilipotajwa kitabu kikubwa cha Kiingereza chenye mambo ya kila namna yaliyotungwa kwa ushairi. Maelezo hayo ndiyo yote. Hakuna mtunzi, hakuna anwani, hakuna neno la sifa. Hata hivyo maneno hayo machache ndiyo yanayowawezesha wataalamu kusema kwamba kitabu kilicho Exeter leo ndicho alichokitoa Leofric. Hapa hifadhi ya nyaraka ndiyo inayoipa maktaba nasaba yake, na bila orodha ya mali kitabu cha mashairi kingekuwa yatima.

Kitabu chenyewe ni cha kale kuliko Leofric. Hati yake, iliyo ya mkono mmoja, inakisiwa kuwa ya kati ya miaka ya 960 na 990. Patrick Conner, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu utamaduni wa Exeter ya karne ya 10, alitetea rai kwamba kiliandikwa papo hapo Exeter. Richard Gameson, mwaka 1996, alijibu kwamba ushahidi uliopo hautoshi kukifunga kitabu na mji huo. Hoja ya Gameson inaelekea kuwa na uzito zaidi, kwa kuwa kitabu kukaa mahali kwa miaka elfu moja si hoja kwamba kilizaliwa hapo. Ndani yake mna tungo ndefu za kidini juu ya Kristo, juu ya mtakatifu Guthlac na juu ya ndege Finiksi. Mna tungo za huzuni na upweke ambazo wahariri wa baadaye waliziita "The Wanderer" na "The Seafarer". Mna "Widsith", "Deor" na "Wulf and Eadwacer". Na mna vitendawili vya kishairi zaidi ya 90. Mswahili aliyezoea kumwambia mshindwa atoe mji ndipo afumbuliwe atashangaa kwamba mswada huu hautoi jawabu hata moja. Wataalamu wamekuwa wakitoa miji kwa karibu miaka 200, na vingine havijafumbuliwa kwa namna inayokubaliwa na wote.

Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, lugha ya kitabu hicho ilianza kuwaponyoka wenyeji wa kanisa. Kilatini kilibaki lugha ya ibada na elimu, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na Kiingereza chenyewe kikabadilika sarufi na msamiati hata mjukuu asiweze kusoma alichoandika babu. Athari yake inaonekana katika orodha ya mali ya kanisa iliyofanywa mwaka 1327. Waliotia bei vitabu walitaja kimoja kimoja vile walivyovijua, kisha wakamalizia kwa kusema kwamba viko vingine vingi vya Kifaransa, Kiingereza na Kilatini vilivyoliwa na uzee, ambavyo havikutiwa bei kwa kuwa vilihesabiwa havina thamani yoyote. Yamkini kitabu cha Leofric kilikuwa miongoni mwa hivyo. Sentensi hiyo ya mthamini wa 1327 ni uhakiki wa fasihi kwa maana kamili ya neno, ingawa aliyeiandika hakujua kwamba anahakiki. Alitoa hukumu ya thamani, na hukumu yake ilidumu kwa muda mrefu kuliko za wahakiki wengi.

Ushahidi wa hukumu hiyo uko katika mwili wa kitabu. Jani la kwanza la mashairi (yaani kipande cha ngozi chenye ukurasa mbele na nyuma) lina mikato ya kisu, kana kwamba kitabu kilifanywa ubao wa kukatia vitu. Lina pia alama ya mviringo ya chombo kilichotuliwa juu yake, na waa la kitu cha majimaji kilichomwagika. Mwanzo wa utungo wa kwanza umepotea, dalili kwamba kitabu kilikaa bila jalada. Mahali pengine mna chembe za dhahabu, ishara kwamba kiliwahi kutumiwa kubania au kuhifadhia dhahabu ya kupambia. Nyuma, kitu chenye moto kilikiangukia kikatoboa majani 14 hivi ya mwisho. Tundu hilo limepita katika utungo unaoitwa "The Ruin", ambao unaeleza mji wa mawe uliobomoka, na kwa hiyo utungo wa magofu umetufikia ukiwa gofu. Wahakiki wengi wamefurahia sadfa hii, wengine kupita kiasi. Lililo muhimu ni kwamba kila kovu latokana na mtu aliyekigusa kitabu bila kukisoma.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba kanisa halikujali vitabu vyake kwa jumla. Mwaka 1412 hadi 1413 chumba cha kusomea kilitengenezwa upya. Maseremala wawili walifanya kazi kwa majuma 40, vitabu vibovu vikakarabatiwa, na baadhi vikatiwa minyororo visiibiwe. Orodha ya mwaka 1506 inaonyesha meza 11 za vitabu na majina ya vitabu zaidi ya 530, ambavyo zaidi ya theluthi ni vya ibada. Maktaba ilikuwa hai. Ila uhai wake ulikuwa katika Kilatini, sala na sheria za kanisa.

Hapa pana jambo linalokwenda kinyume na matarajio. Hasara kubwa ya maktaba ya Leofric haikuletwa na wasiojua thamani ya vitabu. Ililetwa na waliojua. Baada ya Matengenezo ya Kanisa, Askofu Mkuu wa Canterbury Matthew Parker alikuwa akitafuta maandishi ya Kiingereza cha Kale, kwa kuwa alitaka kuonyesha kwamba Kanisa la Uingereza lilikuwa na mila zake, ikiwamo mila ya Maandiko katika lugha ya watu, kabla ya ukubwa wa Roma kuzidi. Mwaka 1566 Mkuu wa Kanisa Kuu la Exeter na baraza lake la makasisi walimpa nakala ya Injili katika Kiingereza cha Kale, iliyokuwa zawadi ya Leofric. Leo iko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kisha mwaka 1602 walitoa miswada 81 kwa Sir Thomas Bodley, aliyekuwa akifungua maktaba yake Oxford. Bodley alizaliwa Exeter, na ndugu yake Laurence alikuwa kasisi katika baraza lile lile. Ni wazi kwamba undugu ulisaidia. Kati ya vilivyokwenda Oxford ni kitabu cha misa kinachoitwa hata sasa kwa jina la Leofric.

Kitabu kikubwa cha mashairi kilibaki. Akina Bodley walijua kuchagua, na ushairi wa Kiingereza cha Kale haukuwa katika wanavyochagua. Iwapo mtu atasema kwamba Oxford ilivitunza vitabu vile 81 vizuri zaidi kuliko Exeter ingeweza, huenda asiwe amekosea. Miaka 55 baadaye, katika utawala wa Jamhuri uliofuata kuuawa kwa Mfalme Charles wa Kwanza, kanisa lilinyang'anywa baadhi ya majengo yake, pamoja na kile chumba cha 1412. Vitabu kadhaa vilipotea mwaka huo wa 1657. Sehemu kubwa iliokolewa na tabibu wa mji, Robert Vilvaine, aliyevihamishia katika Hospitali ya Mtakatifu Yohane, na baadaye akatoa fedha za kuligeuza kanisa dogo la Bikira Maria, lililo ndani ya kanisa kuu, liwe maktaba. Vilvaine anastahili kutajwa katika kila historia ya fasihi ya Kiingereza, na hatajwi. Alikuwa na mikokoteni na fedha, na alizitumia kwa wakati.

Karne ya 18 ilikuwa ya utaratibu. Mkuu wa Kanisa Kuu Charles Lyttelton, mpenzi wa mambo ya kale, aliandika mwaka 1761 kwamba maktaba ina vitabu zaidi ya 6,000 na miswada kadhaa mizuri. Alieleza jinsi miswada ilivyokarabatiwa na yaliyomo kuorodheshwa, na jinsi hati za kanisa zilivyosafishwa na kupewa chumba kinachofaa. Kabla yake, mwaka 1705, Humfrey Wanley alikuwa amekwisha kukieleza Kitabu cha Exeter katika orodha yake kubwa ya miswada ya Kiingereza cha Kale. Hata hivyo kuorodheshwa si kusomwa. Ilimpasa msomaji angoje hadi 1826, John Josias Conybeare alipotolewa kitabu chake chenye vipande vya mashairi hayo baada ya kifo chake. Hadi 1830, Mdenmarki N. F. S. Grundtvig alipokwenda Exeter kunakili. Na hadi 1842, Benjamin Thorpe alipochapisha kitabu karibu chote pamoja na tafsiri. Katikati ya hao, mnamo 1831 na 1832, Robert Chambers alifanya nakala ya mkono kwa ajili ya Jumba la Makumbusho la Uingereza, akijitahidi kuiga hata umbo la herufi. Huyu asichanganywe na R. W. Chambers, ambaye pamoja na Max Förster na Robin Flower alitoa toleo la picha la mwaka 1933.

Yaani kati ya kutolewa kwa kitabu na kuchapishwa kwake ilipita takriban miaka 770. Msomaji wa leo akisoma kwamba Ezra Pound alitoa tafsiri yake ya "The Seafarer" mwaka 1911, au kwamba J. R. R. Tolkien aliokota katika tungo za Kristo jina la nyota lililomzalia hadithi mwaka 1914, hana budi kukumbuka kwamba hao hawakuwa wakirudia mapokeo yaliyoendelea. Chaucer hakukijua kitabu hiki, wala Shakespeare, wala Milton. Kukiweka mwanzoni mwa historia ya fasihi ya Kiingereza, kama vitabu vya kiada vifanyavyo, ni kupanga kwa tarehe ya kutungwa. Kwa tarehe ya kusomwa, "The Wanderer" ni utungo wa karne ya 19.

Mbali na maktaba, nyaraka za kanisa zina historia yao. Zinahifadhiwa hapo hesabu za ujenzi wa kanisa lenyewe, kuanzia 1279 hadi 1353, zilizohaririwa na Audrey Erskine, aliyekuwa mtunza nyaraka wa kanisa, katika juzuu mbili za 1981 na 1983. Humo msomaji hukuta ujira wa waashi, bei ya chokaa na gharama ya kusafirisha mawe. Iko pia ile hati ya sensa ya mali ya mwaka 1086 inayohusu majimbo ya kusini-magharibi, ambayo imehifadhi mambo mengi kuliko muhtasari uliotengenezwa baadaye kwa ajili ya mfalme. Kwa mhakiki, hesabu hizo zina somo moja: fasihi iliwekwa rafu moja na risiti. Aliyezilinda risiti kwa sababu zilithibitisha haki ya kanisa alilinda pia, bila kukusudia, vitu visivyothibitisha haki yoyote.

Vitabu viliendelea kuhama. Mwaka 1820 vilitolewa katika kanisa dogo la Bikira Maria vikapelekwa katika nyumba ya mikutano ya baraza. Baadaye katika karne hiyo wakfu wa Edward Charles Harington na ule wa Frederic Charles Cook uliongeza vitabu zaidi ya maradufu ya vilivyokuwapo, na jengo jipya likasanifiwa na John Loughborough Pearson. Katika karne ya 20 sehemu kubwa ilihamia vyumba vya Jumba la Askofu.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja alfajiri ya tarehe 4 Mei 1942, ndege za Ujerumani ziliposhambulia Exeter katika mfululizo wa mashambulizi dhidi ya miji ya kihistoria. Bomu moja lililipiga kanisa upande wa kusini na kulibomoa kanisa dogo la Mtakatifu Yakobo pamoja na chumba cha hati kilichokuwa juu yake. Maktaba ya mji iliungua. Lakini Kitabu cha Exeter, hati za Mfalme Athelstan na za Edward, vioo vya kale na nakshi za mbao vilikuwa vimekwisha kuondolewa kwa kutazamia shambulio kama hilo. Tofauti na karne zilizotangulia, safari hii kitabu kiliokolewa kwa sababu watu walijua ni kitabu gani. Wanaodai kwamba kusahauliwa ndiko kulikokilinda kitabu hiki hawana budi kuutia mwaka 1942 katika hesabu yao. Kusahauliwa kulikiepusha na wakusanyaji wa 1566 na 1602. Kusingekiepusha na bomu.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana sababu ya kulitazama suala hili kwa karibu. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwanzo wa karne ya 19, hazikuwekwa na taasisi kongwe. Zilikuwa vinywani mwa watu na katika karatasi za hapa na pale hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya na kuzieleza, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne hiyo. Karatasi za Taylor zilifika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika, London. William Hichens akatoa diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akaihakiki upya mwaka 1979. Exeter palikuwa na jengo bila msomaji; Mombasa palikuwa na msomaji bila jengo. Ufafanuzi wa Sikujua, wa mtu aliyejua lugha, mitaa na ugomvi unaotajwa katika beti, ni kitu ambacho mhariri wa Kitabu cha Exeter hawezi kukipata kwa gharama yoyote. Lakini ili kuusoma ufafanuzi huo katika hati yake ya asili, mtafiti wa Mombasa imempasa kuvuka bahari.

Mwaka 2016 Kitabu cha Exeter kiliingizwa katika rejesta ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia, na picha zake za kidijitali sasa zinaweza kutazamwa na mtu aliye mbali. Picha hizo zinaonyesha mikato, waa na tundu la moto waziwazi. Zinaonyesha pia majani manane ya mbele ambayo si ya kitabu hicho. Yana orodha ya mali ya Leofric na hati kadhaa za wenyeji, zikiwamo za kuwaachia huru watumwa wa Devon, zilizoandikwa katika kitabu kitakatifu ili zisikanushwe. Majani hayo yalikuwa sehemu ya ile Injili aliyopewa Parker. Injili iko Cambridge. Ushahidi wa nani aliitoa, na wa nani waliachiwa huru mbele yake, umebaki Exeter, umefungwa pamoja na mashairi.